Chupa mbili mezani: Familia inalipia nini kwenye wiski?

Ubishi huu huanza wageni wakishakula. Shemeji kaja na chupa ya wiski ya Uskoti, ya kimea tupu, ikiwa kwenye boksi lake gumu. Mwenye nyumba naye anayo yake kabatini, ile ya mchanganyiko anayonunua kila sikukuu. Wa kwanza anaiita ya mwenzake pombe iliyochakachuliwa. Wa pili anajibu kwamba mwenzake kalipia boksi. Mama anasikiliza huku akipiga hesabu ya ada ya muhula. Mtoto wa darasa la sita yuko pale pale kwenye kochi, naye anasikiliza.

Wapo wazazi wasiogusa kabisa pombe, kwa imani au kwa uamuzi wao. Lakini ubishi huu huwafikia hata wao, kwa sababu chupa hizi huja kama zawadi na hugharimu pesa nyingi. Ni vizuri kujua tofauti yao iko wapi, na haiko wapi.

Kimea si kitu kigeni jikoni kwetu. Aliyewahi kupika togwa, au kulainisha uji wa mtoto kwa unga wa kimea, anajua kazi yake: nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa, kisha husagwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito hulegea na kupata utamu. Waskoti hufanya hivyo kwa shayiri. Maji yale matamu hutiwa hamira yakawa pombe, kisha pombe hiyo huchemshwa ndani ya vyungu vikubwa vya shaba na mvuke wake hupozwa, kwa kawaida mara mbili. Kinachopatikana hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Kanuni za mwaka 2009 zinasema kisiitwe wiski ya Uskoti mpaka kikae kwenye mapipa hayo, huko huko Uskoti, kwa miaka isiyopungua 3.

Chupa iliyoandikwa "Single Malt" ina wiski ya kimea cha shayiri peke yake, iliyotengenezwa kwenye kiwanda kimoja. Hapa wengi hukosea. Neno "single" halimaanishi pipa moja. Kiwanda kinaruhusiwa kuchanganya mapipa yake mengi, ya miaka tofauti, ilimradi yote ni ya kwake. Kwa hiyo hata ile inayosifiwa kuwa haikuchanganywa, mara nyingi imechanganywa.

Chupa iliyoandikwa "Blended" ina wiski ya kimea iliyounganishwa na wiski ya nafaka, ambayo aghalabu ni ya ngano au mahindi pamoja na kimea kidogo cha shayiri. Hii ya nafaka hutengenezwa kwenye mtambo mrefu unaofanya kazi mfululizo. Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo wa aina hiyo mwaka 1830. Hutoa pombe nyepesi, kwa wingi na kwa gharama ndogo. Ndiyo maana ya mchanganyiko kwa kawaida huwa ya bei nafuu.

Kuchanganya hakukuanza kama ujanja wa kumwibia mteja. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara kama Andrew Usher wa Edinburgh waliona kuwa wiski ilibadilika ladha pipa hadi pipa, wakati mteja alitaka ile ile aliyoizoea. Wenye maduka ya vyakula nao, kama familia ya John Walker kule Kilmarnock, waliingia kwenye kazi hiyo. Ni kama majani ya chai: pakiti moja dukani inaweza kuwa na chai ya mashamba mengi, na kazi ya mchanganyaji ni kuhakikisha kikombe cha leo kinafanana na cha mwaka jana.

Hata huko kwenyewe waligombana. Mwaka 1905 wauzaji wa Islington, London, walishitakiwa kwa kuuza kitu ambacho, kwa madai ya walalamikaji, hakikuwa wiski halisi. Suala lilifika mpaka kwenye tume ya kifalme, na mwaka 1909 tume hiyo ikaamua kuwa ya nafaka na ya mchanganyiko nazo ni wiski.

Wapenzi wa kimea tupu wana hoja yao. Kila kiwanda kina tabia yake. Viwanda kadhaa vya kisiwa cha Islay hukausha kimea kwa moshi wa mboji inayochimbwa ardhini, na moshi huo husikika mdomoni. Wapenzi wa mchanganyiko nao wanayo ya kwao: ni laini, inavumilia barafu na soda, na mchanganyaji hodari anaweza kuunganisha wiski nyingi zikapatana. Hii ni tofauti ya ladha. Anayedhani anaijua iliyo bora, amwombe mtu ammiminie kidogo ya kila moja bila yeye kuona chupa, aone kama ataibakiza hukumu yake.

Mambo matatu huwapotosha wanunuzi. Kwanza ni namba. "12" kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na huandikwa kwenye aina zote mbili. Johnnie Walker Black Label ni ya mchanganyiko, na ina 12 yake. Pili ni rangi. Kanuni zinaruhusu kutia rangi ya karameli, hivyo wekundu si ushahidi wa uzee. Tatu ni kuitunza kabatini. Wiski haizeeki ndani ya chupa. Iliyowekwa miaka 12 ikahifadhiwa nyumbani miaka 10 bado ni ya miaka 12.

Linalohusu afya ya nyumba nzima ni kilevi. Wiski ya Uskoti haiwi chini ya asilimia 40. Chupa ya mililita 750 yenye kiwango hicho ina mililita 300 za kilevi kitupu, iwe ya kimea au ya mchanganyiko. Tena baadhi ya chupa ghali za kimea hufika asilimia 46, nyingine huvuka 55. Kwa hiyo usemi kwamba "hii ni safi, haidhuru" hauna msingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mama mjamzito asionje, hata ikiwa ya miaka 30. Mtoto mdogo naye, mafunda machache tu yanaweza kushusha sukari ya damu yake kwa hatari. Chupa ikae juu, kwenye kabati linalofungwa, na ikiisha isigeuzwe ya maji ya kunywa, mtoto asije akazoea kuishika.

Kwa anayetaka kununua zawadi, ni heri kumuuliza mpokeaji anapenda ipi kuliko kufuata bei. Ikiwa pesa inatoka kwenye mfuko wa nyumba, mume na mke wakubaliane kiasi kabla mmoja hajaingia dukani. Na mtoto akiuliza baba mdogo alikuwa na maana gani aliposema ile ni nzuri zaidi, ajibiwe ukweli: zimetengenezwa tofauti na zina ladha tofauti, ila zote ni pombe kali, na zote si za watoto.