Yerusalemu na Ubalozi Wetu

Hapa Korogwe ya Zamani, kando ya Mto Pangani, mji ule mmoja una majina mawili. Atokaye msikitini Ijumaa huuita Baitul Mukaddas. Atokaye kanisani Jumapili huuita Yerusalemu. Watu hao ni majirani, huzikana na hualikana harusini, na hatujapata kuwasikia wakigombana kwa ajili ya mji huo. Wanaougombania ni serikali.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha mpango wa kuigawa Palestina, tarehe 29 Novemba 1947, uliutenga mji huo uwe chini ya usimamizi wa kimataifa, usiwe wa Waarabu wala wa Wayahudi. Mpango huo haukutekelezwa. Vita vya 1948 viliukata mji vipande viwili. Vita vya 1967 viliutia wote mikononi mwa Israel, nayo mwaka 1980 ikatunga sheria ya kuufanya mji mkuu wake. Baraza la Usalama, kwa Azimio namba 478, likatamka kwamba sheria hiyo ni batili, na kuzitaka nchi zenye balozi humo ziziondoe.

Desemba 2017 Marekani iliutambua mji huo kuwa mji mkuu wa Israel, na shauri likarudi katika Baraza Kuu. Rais Trump alitisha kwamba watakaompinga watakatiwa misaada. Hata hivyo nchi 128 zilimpinga, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Uganda na Rwanda zilijizuia. Kenya haikupiga kura. Mei 2018, tulipofungua ubalozi wetu nchini Israel, tuliufungua Tel Aviv.

Sisi tunaona Serikali ilitenda sawa katika yote mawili. Urafiki na Israel, uliovunjika mwaka 1973 na kurejeshwa 1995, hautulazimishi kutoa kisicho chetu, hasa sisi tulioitambua Palestina mwaka 1988. Wako wasemao kwamba mahali pa ubalozi ni jambo dogo: mbona tuliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma, na mabalozi wakabaki Dar es Salaam miaka na miaka? Hoja hiyo haina miguu. Hakuna taifa jingine linaloidai Dodoma.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kufundishwa uzito wa jambo hili. Mwaka 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki. Baada ya Muungano, Ujerumani ya Magharibi ilitaka uhusiano huo ukatwe. Na Serikali iliporuhusu ubalozi mdogo tu ufunguliwe Dar es Salaam, mwaka 1965, Wajerumani hao wakauondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na mwingine uliobaki. Tulikuwa taifa changa, tena maskini, na hasara tuliiona.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali isiiache kura ya 2017 katika makabrasha ya New York. Waziri wa Mambo ya Nje alitamke wazi Bungeni: ubalozi wetu hautahamishiwa Yerusalemu mpaka Waisraeli na Wapalestina wapatane wenyewe juu ya mji huo. Nao jirani zetu wa Uganda, ambao Rais wao alisema Februari 2020, mbele ya Bwana Netanyahu pale Entebbe, kwamba wanalitafakari suala la kufungua ubalozi Yerusalemu, waambiwe msimamo wetu kindugu na mapema.