Chomekeni Fimbo Uwanjani

Jumapili usiku, katika nyumba nyingi za mijini, mzazi hukaa mezani akikata karatasi ya manila na kubandika pamba kwa gundi ili zionekane kama mawingu. Mtoto keshalala. Kesho yake kazi ile itapokewa shuleni kwa jina la mradi wa sayansi, itasifiwa, itatundikwa ukutani, na itakaa pale ikila vumbi hadi muhula uishe. Nimekuwa mzazi wa namna hiyo. Nimekuwa pia mwalimu aliyeipokea kazi kama hiyo na kuipa alama tisa kwa kumi, huku nikijua fika haikukatwa na mkono wa mtoto.

Ndiyo maana toleo hili tumelitoa lote kwa kazi mradi. Kila kazi iliyomo tumeipima kwa maswali mawili tu: je, mtoto ataifanya mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa vitu vilivyopo? Na je, ina swali ambalo jibu lake halikuandikwa tayari kitabuni? Kazi nyingi tulizoletewa zilipendeza macho, lakini zikakwama kwenye swali la pili.

Nitoe mfano wa kazi ninayoipenda kuliko zote. Niliifanya na darasa la sita Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi. Vifaa vyake ni fito iliyonyooka ya mita moja, jiwe lililofungwa uzi ili kuhakikisha fito imesimama wima, rula na chaki. Niliwauliza: saa ngapi fito hii itakosa kivuli? Wakajibu kwa sauti moja, saa sita mchana! Basi saa sita kamili tukawa uwanjani, na kivuli tukakikuta kimelala chini, sentimita 15, kimeelekea magharibi. Mmoja akasema fito imepinda. Mwingine akasema saa yangu mbovu. Nikawaacha wabishane, nikawaambia waweke alama ya chaki kila baada ya dakika tano. Kivuli kikazidi kufupika, na ilipofika saa sita na dakika 35 kikaisha kabisa. Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mwalimu wa zamu ofisini.

Kumbe saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi ya hapo, na jua hulifikia jiji kama dakika 23 baadaye. Dakika zilizobaki zinatokana na mwendo wa dunia yenyewe kuzunguka jua, ambao hauna kasi moja mwaka mzima, pamoja na mwinamo wa mhimili wake. Kigoma wanasubiri hadi yapata saa saba. Hayo niliyaeleza kesho yake, na sijapata kuliona darasa likisikiliza longitudo kwa hamu namna ile. Walikuwa na deni la jibu, na deni lile waliliingia wenyewe uwanjani.

Wazo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, na wajifunze kutokana na matokeo ya maamuzi yao. Katika shule nyingi lilibaki jembe, swali likapotea. Watoto walilima kweli, lakini ni nani aliyewauliza kwa nini mahindi ya mstari huu yamekuwa manjano na ya ule yamestawi? Leo jambo lile lile linaweza kutupata kwa mlango mwingine. Kenya ilianza majaribio ya mtaala wa umahiri mwaka 2017, na miongoni mwa malalamiko makubwa ya wazazi yamekuwa gharama za vifaa. Tanzania, iliyoanza kuuzungumza umahiri tangu 2005, iliingia mtaala mpya Januari 2024. Mtaala ukisema mradi, mwalimu akasikia manila, mwenye duka la vifaa ndiye atakayenufaika kwanza.

Najua watakachoniambia walimu wenye watoto 80 darasani, mada hazijaisha na mtihani uko mlangoni. Wana haki. Sitawaambia wafanye kazi mradi kila wiki. Mbili kwa muhula zinatosha, zikifanywa kwa ukamilifu, na vikundi nane vyenye fito nane haviongezi gharama yoyote. Kinachohitajika ni mwalimu kuvumilia kimya cha dakika chache kabla ya kutoa jibu, na hilo nakiri ndilo gumu kuliko kutafuta vifaa.

Sasa nina ombi. Jua litarudi utosini Nairobi mnamo tarehe 26 Septemba, na Dar es Salaam mnamo tarehe 10 Oktoba. Siku hiyo ya Dar es Salaam, fito ya mita moja iliyosimamishwa Mombasa itakuwa na kivuli cha kama sentimita 5 adhuhuri, kikielekea kaskazini. Kwa tofauti hiyo ndogo, pamoja na umbali wa takriban kilomita 300 kutoka kusini hadi kaskazini kati ya miji hiyo miwili, darasa linaweza kukisia mzingo wa dunia nzima. Eratosthenes alifanya hesabu ya aina hiyo Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chomekeni fito uwanjani, watoto wapime wenyewe, kisha mtuletee vipimo mkitaja mji, tarehe na saa. Tutavichapa vyote toleo lijalo, pamoja na vile visivyolingana.