Neno la Mhariri: Mji Mmoja Unatosha

Mwaka 1996 studio ya Bethesda ya Marekani ilitoa Daggerfall, gemu ambayo ramani yake hukadiriwa kuwa na kilomita za mraba zaidi ya 160,000. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya Uganda. Miji, vijiji na mapango yake yalihesabika kwa maelfu, mengi yakiwa yamepangwa na programu yenyewe bila mkono wa mtu. Ukiamua kutembea kwa miguu kutoka mji hadi mji utakesha, na ukifika utakuta nyumba za namna ileile na watu wanaojibu kwa maneno yaleyale. Mwaka 2002 studio hiyohiyo ikatoa Morrowind. Safari hii walishika kisiwa kimoja tu, Vvardenfell, wakakipanga kwa mkono, na ndicho kilicholipandisha jina lao.

Nimeanza na namba hizo kwa sababu toleo hili limegeuka baraza la mabishano. Tuliwauliza waandishi wetu swali ambalo wapenzi wa RPG za njozi hawalichoki: je, gemu imwachie mchezaji dunia huria azurure apendavyo, au imshike mkono impeleke ndani ya hadithi? Makala zilizotufikia zimegawanyika kambi mbili. Kambi moja inaapa kwa Skyrim ya 2011. Nyingine inaleta Planescape: Torment ya 1999 na Final Fantasy X ya 2001. Nimezisoma zote, na nadhani kambi zote mbili zinapima upana: moja inausifu, nyingine inauponda. Mimi ningepima marejeo. Mchezaji akirudi pale alipopita jana, atakuta nini?

Kabla ya kufika huko, kuna suala la haraka. Hadithi husema fanya hima. Ramani husema karibu, zunguka. Oblivion ya 2006 ndiyo inayonikera kuliko zote kwa hili. Mfalme ameuawa mbele yako, umekabidhiwa hirizi yake, kisha unaambiwa mrithi pekee aliyebaki yuko Kvatch, na Kvatch inateketea, lango la kuzimu limefunguka mbele ya kuta zake. Wewe unaweza kwenda kuchuma uyoga. Unaweza kujiunga na chama cha wachawi, ukapanda vyeo mpaka ukawa mkuu wao, ukanunua nyumba, ukakaa miaka. Kvatch itakungoja. Moto wake hauzimi wala hausambai. Mrithi amejifungia kanisani na manusura wachache, na atakaa humo mpaka utakapoona vema kwenda kumtoa.

Mchezaji hana kosa. Aliambiwa aende popote, akaenda popote. Kosa ni la mwandishi aliyempa mzururaji habari ya dharura.

Ajabu ni kwamba Morrowind ilikuwa imeshalimaliza jambo hili kwa ujanja mdogo tu. Unashushwa melini ukiwa mfungwa aliyeachiwa, unatumwa mjini Balmora kwa mzee mmoja aitwaye Caius Cosades, jasusi wa dola, anayekaa chumba kimoja na kupokea wageni kifua wazi. Unampa mzigo wa nyaraka. Anasoma, anakutazama, anaona bado hujui kitu. Anakupa pesa kidogo na kukuambia uende kwanza ukatafute kazi, ujiunge na chama fulani, uizoee nchi, kisha urudi. Basi kuzurura kwako kumekuwa agizo la bosi, na hakuna mji unaoungua huku wewe ukichuma uyoga.

BioWare ya Kanada imetupa somo zuri zaidi, maana gemu zake mbili zilizofuatana za Dragon Age zinampa mchezaji kazi ya aina moja na kuzaa mambo mawili tofauti kabisa. Katika Dragon Age: Inquisition ya 2014, mbingu zimepasuka, mashetani yanamwagika, na ni wewe tu mwenye alama mkononi ya kuziba mipasuko ile. Mapema kabisa unapelekwa Hinterlands, nchi ya vilima na mashamba. Wakimbizi wanataka nyama. Wanataka blanketi. Majani ya dawa yameota kila kona ya njia. Unachuma, unachuma tena, na mpasuko juu ya kichwa chako umetulia tuli. Watu walikwama huko saa nyingi mno, mpaka wapenzi wa gemu hiyo wakawa wanaonyana wao kwa wao: tokeni Hinterlands, hadithi iko mbele. (Ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, nami sisemi haikustahili.)

Miaka mitatu kabla, mwaka 2011, studio hiyo ilikuwa imetoa Dragon Age II, gemu iliyotukanwa vibaya. Ilikuwa na mji mmoja, Kirkwall, na vitongoji vyake. Mapango yalirudiwa mpaka ukaweza kuyapita macho umefumba: pango la majambazi, pango la buibui na pango la wachawi ni pango moja, tofauti ni mlango upi umezibwa leo. Lawama zile zilikuwa za haki kabisa. Sasa mtazame Anders. Ni mwenzako, tabibu anayewatibu bure maskini wa Darktown, na ana roho iliyomwingia mwilini. Siku moja anakuomba umtafutie vitu viwili: chumvi fulani inayopatikana kwenye mitaro ya maji machafu, na mawe ya kutoka mgodini. Anasema ni vya kutengenezea dawa ya kumtenganisha na roho ile. Unaingia mtaroni, unakusanya, unampa. Ni kazi ya kuchuma, sawasawa na zile za Hinterlands, na unaisahau hapohapo.

Halafu, karibu na mwisho, kanisa kuu la mji linalipuka mbele ya macho yako. Anders amesimama pembeni, hakimbii, anakubali lolote utakaloamua juu yake. Ndipo ile chumvi ya mtaroni inapokurudia akilini. Kanisa lile ulilipita tangu mwaka wako wa kwanza Kirkwall, ulizipanda ngazi zake, ulisema na mama mkuu wake. BioWare wangetupa miji kumi, hilo lingekuwa jengo mojawapo lililoanguka mahali fulani kwenye ramani. Kwa kuwa mji ni mmoja, na miaka imepita ndani yake, mlipuko ule una anwani.

Kambi ya dunia huria itasema namchagulia mshindi mapema, kwa hiyo nawapa Gothic, ya studio ya Piranha Bytes ya Ujerumani, iliyotoka 2001. Hii ni dunia huria kwelikweli. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia, na ukiingia msituni mapema mnyama wa kwanza atakumaliza. Lakini dunia yote hiyo iko chini ya kuba moja la uchawi lililofunika koloni la wafungwa wachimba madini, lenye kambi tatu. Ukiingia nyumba ya mtu, anakufokea utoke. Ukichomoa silaha mbele za watu, wanakugeukia. Sura za mwanzo unahangaika ukubalike Kambi ya Zamani: unabeba ujumbe, unatozwa pesa ya ulinzi, unapigwa, unazinduka mfukoni huna hata kipande cha madini, ambayo ndiyo fedha yao. Unajua nani anapika wapi. Kisha mgodi wao unafurika maji, wakubwa wa kambi wanapagawa, wanawaua wachawi wao wenyewe wa moto, na lango ulilozoea kulipita kila siku linafungwa dhidi yako. Diego, mtu wa kwanza kukusemesha ulipotupwa ndani ya kuba, anakungoja nje ya kuta akuonye usisogee.

Kwa nini dunia kubwa hushindwa kufanya hivyo? Mara nyingi sababu ni ya kiufundi na ya kifedha, wala si uvivu. Kila badiliko ulilosababisha lazima liandikwe, lirekodiwe kwa sauti za waigizaji, lijaribiwe. Mchezaji akiweza kufika kijijini kutoka upande wowote na wakati wowote, mwandishi hajui mgeni huyu ameshamwona nani, ameua nani, anajua siri gani. Matukio matano yanayoweza kutokea au kutotokea tayari yanazaa hali 32 za kuzingatia. Njia rahisi ya kutoka kwenye mtego huo ni kuwaandika wanakijiji wasiojua chochote na wasiohusika na chochote. Ndiyo maana watu wengi wa dunia hizi huongea kana kwamba wamezaliwa asubuhi hiyo.

Waliojaribu kulipa gharama hiyo wapo. CD Projekt Red ya Poland, katika The Witcher 3 ya 2015, walianza kwa kumpa mhusika wao kazi inayokwenda na kuzurura: Geralt anaua majinamizi kwa malipo, kwa hiyo kusimama kijijini na kusoma tangazo la kazi si kuiacha hadithi. Ndipo wakaandika kisa cha Baroni wa Velen. Anajua habari za Ciri, binti anayetafutwa na Geralt, lakini hatazitoa mpaka atafutiwe mkewe na binti yake waliotoweka. Polepole inafichuka kwamba walitoroka kipigo chake, na kwamba mkewe mimba ilimtoka. Kitoto kile kilizikwa bila jina, kikageuka zimwi. Geralt anaweza kukikata kwa upanga. Au anaweza kumlazimisha baba akibebe mikononi usiku, kikimfurukuta, mpaka mlangoni pa nyumba, akipe jina, akizike chini ya kizingiti. Sikumbuki gemu nyingine iliyonifanya nishikilie pedi kwa woga huku hakuna ninayepigana naye.

Kisa hicho kinajua unazurura. Kuna roho iliyofungwa ndani ya kilima, na unaweza kuikuta kwa miguu yako kabla hata hujatumwa. Ukiifungua baada ya kutumwa, yatima wa kinamasini wanaokoka, kijiji cha Downwarren kinaangamia, mke wa Baroni anakufa, na Baroni mwenyewe utamkuta ananing'inia mtini. Ukiiua, watoto hawaonekani tena.  Lakini gemu hiyohiyo, ukivuka bahari kwenda Skellige, imemwaga alama za kuuliza majini, na nyingi zake ni mapipa na masanduku ya magendo yanayoelea. Kumbe hata mabingwa huogopa ramani yenye nafasi tupu.

Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, ilikwepa ramani tupu kwa kuigawa safari kwenye maeneo machache yaliyoshibishwa. Una kimelea kichwani kinachotarajiwa kukugeuza jinamizi, na hapo hawakuwa wakali: unaweza kulala usiku mwingi bila kugeuka. Ila ukiikuta nyumba ya wageni ya Waukeen's Rest inaungua, na watu wanapiga kelele ndani, ukaenda kulala, ukirudi wamekufa. Kvatch ilipaswa kuwa hivyo.

Kuna pia suala la saa, ambalo wanaoandika habari za gemu kutoka nchi zenye umeme wa uhakika hawaligusi. Wengi wetu tulizijua gemu kwenye vibanda vya PS mtaani, kwa kulipia saa au mechi, na ndiyo maana mpira ulitawala. Ukitaka kucheza RPG kibandani, faili yako ya leo inaweza kufutwa na mteja wa kesho, na hakuna mwenye kibanda atakayekuvumilia huku ukichuma majani ya dawa. Leo walio na mashine nyumbani wanakuta Baldur's Gate 3 inadai nafasi ya gigabaiti 150, na bando la kuishusha ni hesabu nyingine. Nikimwambia kijana wa namna hiyo kwamba gemu ina saa 100 za kucheza, ana haki ya kuniuliza ngapi kati ya hizo ni za kutembea.

Kwa sababu hiyo tumeipa nafasi Aurion: Legacy of the Kori-Odan, kazi ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyotoka 2016. Haina ramani ya kujisifia. Ina mwanamfalme Enzo, anayepinduliwa na shemeji yake siku ileile ya kutawazwa, na mkewe Erine anayetoka naye uhamishoni na kupigana bega kwa bega naye, huku aliyewapindua akiwa ndugu wa damu wa Erine. Mapigano yake yana kasoro, na mhakiki wetu hajazificha.

Makala ndefu kuliko zote humu inanipinga. Mwandishi wake anaitetea Elden Ring ya 2022, ya Hidetaka Miyazaki na studio ya FromSoftware, kwamba hapo kuna upana mkubwa, hadithi imetawanywa kwenye maelezo ya panga na hirizi, na hakuna anayekuharakisha kwa kuwa vita viliisha na dunia imeshavunjika kabla hujafika. Yote ni kweli, na ukurasa wake juu ya kupanda farasi alfajiri bila kujua uendako ndio ulioandikwa vizuri kuliko wowote katika toleo hili. Alichokiacha ni Leyndell, mji mkuu unaouona kwa mbali karibu tangu mwanzo, unaoupigania mtaa kwa mtaa, na ambao baadaye unarudi kuukuta umefukiwa na majivu, barabara ulizozijua ziko chini ya miguu yako. Nilimwandikia nikamuuliza kwa nini hakuutaja. Amejibu kwamba hapo ndipo alipoacha kucheza.