Thabeet hakushindwa, tulimchelewesha

CHINI YA GOLI
Na Rashidi Mwinyimkuu

Kila drafti ya NBA inapokaribia, orodha za wachezaji "waliochaguliwa vibaya" huibuka upya, na jina la Hasheem Thabeet halikosi. Linanikera. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Tangu hapo anahukumiwa kwa mafanikio ya waliomfuata, na sisi Watanzania tumeshika kiitikio. Vijana ambao hawajawahi kumwona uwanjani wanamkebehi kana kwamba aliwaibia kitu.

Hebu tuutazame msimu wenyewe wa 2009-10. Memphis, waliokuwa wameshinda mechi 24 mwaka uliotangulia, walishinda 40 kati ya 82. Thabeet alicheza mechi 68, dakika 13 hivi kila mechi, na kwa wastani alizuia zaidi ya mtupo mmoja. Mwishoni mwa Februari wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini iliyokuwa Bismarck, North Dakota. Hajawahi kutokea kabla yake mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho akashushwa huko. Habari hiyo ndiyo iliyoganda vichwani mwa watu, zile mechi 68 zikasahauliwa.

Mbele yake kwenye nafasi ya senta alikuwepo Marc Gasol, na hapa ndipo pa kutulia. Gasol alichaguliwa wa 48 mwaka 2007. Lakini alikulia ndani ya kikapu: kaka yake, Pau, alikuwa tayari nyota wa NBA, na yeye mwenyewe alishacheza ligi ya kulipwa Hispania kabla ya kutua Memphis. Akipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, mpira haukushuka chini ya kidevu. Mguu mmoja unabaki pale pale, mwingine unamtafuta beki, macho yanamtafuta mwenzake anayekatiza. Hayo hayafundishwi kambini kwa wiki mbili. Yanaingia mwilini utotoni.

Thabeet alikuwa na mita 2.21 na jicho la kujua mtupo unatoka lini. Vitu hivyo vilimpa tuzo ya mlinzi bora wa Big East mara mbili akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Kupokea pasi ngumu, kusimama imara akisukumwa, kulinda bila kufanya faulo, hapo ndipo alipolemewa. Kwa nini asilemewe? Alianza kucheza akiwa na miaka kama 15. Kutoka Makongo Sekondari akapitia Kenya, kisha Houston, kisha Connecticut, na ndani ya miaka saba hivi yupo NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mimi naliona hilo ni jambo la ajabu, na sitachoka kulisema.

Kwa hiyo mzigo wa lawama nauhamishia kwetu. UMISSETA ina kikapu, lakini hiyo ni michezo ya sekondari. Mtoto anayeushika mpira kwa mara ya kwanza kidato cha kwanza ameshachelewa. Dar es Salaam tuna Don Bosco pale Upanga, tuna JMK Park pale Kidongo Chekundu, na tunashangilia Savio, Pazi na JKT. Sasa tuwashukie wadogo. Magoli tuliyozoea yana mita 3.05, mtoto wa darasa la tatu akiyarushia, anarusha kwa bega na kiuno, na mtindo huo mbovu anakua nao. Kikapu cha watoto kina goli la mita 2.60 na mpira namba 5. Shirikisho la Mpira wa Kikapu likae na halmashauri za jiji, lianze na shule za msingi zenye uwanja wa sakafu ngumu, na walimu wa michezo wafundishwe kazi ya miguu kabla ya kitu kingine chochote. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kutengeneza goli hilo.