Mkono Usio na Kano

Mwaka 1996 klabu ya besiboli ya Texas Rangers, huko Marekani, ilimchagua katika duru ya kwanza kijana wa miaka 21 kutoka Nashville aitwaye R. A. Dickey, ikamwahidi dola 810,000 atakapotia sahihi. Kabla hajatia sahihi, picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la michezo, na mtu mmoja wa klabu akashangaa kuona jinsi mkono wake wa kuume ulivyoning'inia. Madaktari wakampima. Wakakuta kwamba ndani ya kiwiko haimo kabisa ile kano inayoishikilia mifupa mtu anaporusha kitu kwa nguvu. Ahadi ya dola 810,000 ikashuka kuwa dola 75,000. Dickey akakubali.

Huku kwetu Kalemie mchezo huo hatuuchezi, nami sidai kuufahamu wote. Yatosha kujua kwamba mtupaji husimama yapata mita 18 mbele ya mpigaji mwenye gongo, akamrushia mpira mdogo mgumu, naye mpigaji hujaribu kuupiga mbali. Watupaji wengi hutegemea mwendo wa kasi, kilomita 145 kwa saa na zaidi. Dickey alifika ligi kuu mwaka 2001, lakini hakung'aa; alipandishwa na kushushwa mara nyingi, na mkono ukazidi kupungukiwa nguvu. Mwaka 2005 walimu wake wakamshauri aache yote aliyojifunza tangu utoto, ajifunze mtupo uitwao nakoboli.

Jina hilo latokana na vifundo vya vidole, ingawa kwa kweli mpira hushikwa kwa kucha na ncha za vidole. Kazi yote ni kuurusha bila kuzunguka. Mpira usiozunguka hukutana na hewa kwa mishono yake isivyo sawa, ukayumba huku na huku, na hata aliyeurusha hajui utatua wapi. Mdakaji wa upande wake mwenyewe hupata taabu kuudaka. Huenda polepole kuliko mipira mingine, na watu wengi wa mchezo huo wameudharau, wakiuona kuwa kimbilio la walioshindwa. Ni kweli kwamba wengi waliouchagua walikwisha shindwa kwa njia ya kawaida.

Tarehe 6 Aprili 2006 Dickey aliutumia dhidi ya Detroit Tigers, na wapigaji wakampiga mipira sita hata nje ya uwanja. Baada ya hapo akarudishwa ligi za chini. Aliyemsaidia kuendelea ni mzee Charlie Hough, kisha Phil Niekro, na hata Tim Wakefield, ambaye wakati ule alikuwa angali akicheza katika timu pinzani. Hawa walikuwa wachache mno duniani wenye kuujua ufundi huo, nao hawakumficha neno. Sisi walimu, ambao mara nyingine hufunga daftari mwenzetu apitapo, na tulione hilo.

Lakini sikuandika ukurasa huu kwa ajili ya mpira. Dickey alikuwa na upungufu mwingine ambao picha za madaktari hazikuuonyesha. Alipokuwa na umri wa miaka minane alinajisiwa na msichana aliyewekwa kumtunza, na baadaye na kijana mmoja aliyemzidi umri. Hakumwambia mtu. Alinyamaza zaidi ya miaka 20, akaoa, akazaa watoto, akisali na kuitwa Mkristo mwema, huku nyumbani akiwa mtu wa hasira na wa kujificha. Mwishowe alimwambia mkewe na mshauri, na mwaka 2012 aliyaandika hayo katika kitabu cha maisha yake, ili kila mtu ayasome.

Mwezi Januari wa mwaka huohuo alikuja upande wetu wa dunia, akaupanda mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ili kuchangisha fedha za kuwaokoa wasichana waliouzwa katika ukahaba huko Mumbai. Klabu yake ya wakati ule, New York Mets, ilimwonya kwa maandishi kwamba akiumia mkataba wake utakuwa hatarini. Alipanda. Katika msimu uliofuata alishinda michezo 20 na kushindwa 6, akapewa tuzo ya Cy Young, tuzo ya mtupaji bora, ambayo hakuna mtupaji wa nakoboli aliyewahi kuipata kabla yake. Alikuwa na miaka 37, umri ambao wengi wamekwisha pumzika. Aliendelea kucheza hadi mwaka 2017.

Sisemi kwamba kuifunua siri ndiko kulikomfundisha kurusha mpira. Kano haikuota. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa. Ninalosema ni kwamba mtu huyu aliacha kuyaficha yote mawili, mkono na utoto wake, na watu waliomzunguka hawakumfukuza kwa hilo. Hilo la pili ndilo linalonisumbua, kwa maana ni juu yetu sisi.

Katika jumuiya zetu tunapenda ushuhuda wa mtu aliyepona. Mtoto aliyeumizwa na bado anaumia tunamwomba anyamaze. Twasema ni kwa heshima ya ukoo. Wazee hukutana, mbuzi hutolewa, mkeka hukunjwa, na yule aliyetenda huonekana tena Dominika katika safu ya mbele. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 yasema wazi kwamba malipo hayafuti mashtaka, nasi twaijua. Wengine wataniambia kwamba kusema hadharani huliaibisha Kanisa na kuvunja familia. Hofu hiyo naielewa, kwa kuwa nimeishi nayo. Lakini tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, watu wa mashariki walioteswa walisimama mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko wakasema walichotendewa, na mambo yenyewe yalikuwa mazito kusikia. Aliwasikiliza. Kanisa halikuanguka siku ile. Kama Papa aliweza kuketi na kusikia, katekista wa mtaa atakosaje muda?

Ningependa kila jumuiya iwachague mama mmoja na baba mmoja, watu wasio na ujamaa na wakubwa wa mtaa, ambao mtoto aweza kuwaendea na kusema. Wafundishwe mambo mawili tu kwa kuanzia: kusikiliza bila kumwuliza mtoto alifanya nini hata likampata hilo, na kujua njia ya hospitali na ya mahakama. Tusiwape kazi ya kupatanisha. Kupatanisha tumekwisha kupatanisha mno.

Miaka mingi iliyopita, katika jumuiya moja niliyoihudumia, binti mmoja aliacha kuja kwenye mafundisho ya Kipaimara. Nilijua sababu, kwa kuwa niliitwa kwenye kikao cha wazee. Mimi ndiye niliyesali sala ya kufungua na sala ya kufunga. Kati ya sala hizo mbili walihesabu mbuzi wawili na gunia la mihogo, na binti alikuwa nje, jikoni, akisonga bugali wa wageni. Nilikula bugali ule.

Sasa ni mama wa watoto watatu, anauza ndagala sokoni. Akiniona huniita mwalimu na kuniongezea kipimo. Wiki hii nitakwenda kwake bila kapu, nimwulize kama anapenda kuniambia lolote, na akipenda kuninyamazia, vilevile ni haki yake.