Kinga ya Mwili Inahitaji Muda

Mwili wa binadamu umejaliwa uwezo mkubwa wa kupambana na vimelea vya maradhi, lakini uwezo huo una mwendo wake, na yako maradhi ambayo huutangulia. Kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira hadi Baraka na vijiji vya Fizi, ambako kipindupindu, kiitwacho kolera na wakazi wengi, kimekuwa kikirejea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, pengo hilo la muda limegharimu maisha ya watu wengi. Hoja ya toleo hili ni kwamba kazi ya jamii, na ya serikali kwanza, ni kuupatia mwili muda unaouhitaji.

Bakteria wa kipindupindu wanapoingia mwilini pamoja na maji yaliyotekwa ziwani kwa bidoni na kunywewa bila kuchemshwa wala kutiwa klorini, hukutana kwanza na asidi ya tumbo, ambayo huwaua walio wengi. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo, ambaye asidi yake mara nyingi huwa hafifu, huambukizwa kwa urahisi zaidi. Wanaosalia hupenya ute unaofunika kuta za utumbo mwembamba, hujishikiza hapo na kutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, nayo maji huifuata, hata choo kikafanana na maji yaliyooshewa mchele. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na asipotibiwa akafariki siku hiyohiyo.

Wakati huo kinga mahususi, yaani ile inayomtambua adui mmoja mmoja kwa sura yake, ndiyo kwanza inaanza kazi. Katika vifundo vya kinga vilivyomo ndani ya kuta za utumbo, seli B chache zenye uwezo wa kumtambua bakteria huyo huchaguliwa, hugawanyika mara nyingi, kisha hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zinazomnasa na kumzuia asijishikize. Kazi hiyo huchukua takriban juma moja au zaidi. Baadaye hubaki seli za kumbukumbu, ambazo adui akirudi huitikia upesi zaidi. Kwa sababu hiyo, familia iliyokimbia mapigano katika milima ya Itombwe na kushukia ufukweni, ikiwa haijawahi kukutana na ugonjwa huu, hufika bila kumbukumbu hiyo.

Maji ya chumvi na sukari hayamuui bakteria hata mmoja, lakini huokoa maisha, kwa kuwa njia ambayo sukari na chumvi hupitia pamoja kuingia katika seli za utumbo haiharibiwi na sumu ile. Mgonjwa hurudishiwa maji aliyopoteza, na kinga yake hupata siku za kukamilisha kazi. Kwa matibabu ya mapema, vifo hushuka chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia. Chanjo ya kunywa, yenye bakteria waliouawa, huufunza mwili kabla ya hatari kufika. Uvira, ambako wakazi walichanjwa mwaka 2020, utafiti ulionyesha kuwa hata waliopata dozi moja tu walikuwa na kinga ya takriban nusu zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Nusu hiyo ni faida kubwa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya bomba linalotoa maji salama kila siku.

Makala za toleo hili zinahusu maji, lishe, chanjo na matibabu, kwa kuwa yote manne ni sehemu ya kinga moja. Mtoto anapofariki kwa kipindupindu Baraka, si haki kusema kwamba mwili wake ulikuwa dhaifu, ilhali ulinyimwa siku chache za kujitetea. Siku hizo watu wazima wana uwezo wa kumpatia, na wana wajibu wa kufanya hivyo.