Nani Aliyehama: Mtu au Mpaka?

Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu wachore hadithi ya katuni kuhusu historia ambayo haikutokea: ingekuwaje kama Waingereza wasingelichukua uamuzi wao wa tarehe 1 Aprili 1902? Siku hiyo Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ulioenea hadi Naivasha, ulihamishiwa katika himaya ambayo leo ni Kenya. Walichokijali ni treni. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, nao walitaka yote iwe chini ya utawala mmoja. Basi mpaka ukaja kufuata Mto Sio na Mto Malaba, Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa, na Reli ya Uganda ikabaki na jina la nchi ambayo wakati huo haikuwa ikiikanyaga.

Katuni moja ilinifurahisha, kisha ikanikera. Katika ulimwengu wake mpaka uko Naivasha, na Semei Kakungulu anaruka juu ya mwamba wa Tororo kwa mtambo wa mvuke. Amechorwa na nyuso mbili, kwa kuwa ni kigeugeu. Pembeni yake yupo mama Msamia muuza dagaa wa Busia, naye ana nyuso mbili.

Kuhusu Kakungulu sina ubishi mkubwa. Huyu hakubuniwa na mchoraji. Alizaliwa Kooki, akapanda cheo Buganda, akapigana ili Kabaka Mwanga arejeshwe kitini. Mwaka 1899 akawa miongoni mwa waliomkamata Mwanga yuyo huyo, pamoja na Kabarega wa Bunyoro. Aliwatekea Waingereza nchi ya Bukedi, iliyo na Tororo ndani yake, akitumaini kuwa mfalme wa huko. Walipomnyima, aliwanung'unikia hadi mwisho. Kutoka Uprotestanti aliingia dhehebu la Malaki lililokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale. (Kwa imani hii ya mwisho namstahi: haikumletea cheo chochote.)

Lakini mama wa dagaa amekosa nini? Upande wa Kenya bidhaa yake huitwa omena, upande wa Uganda mukene. Yeye huyatamka majina yote mawili, kama vile anavyokuwa na shilingi za aina mbili na shangazi huku na huku. Kwa hili jirani zake walio mbali na mpaka humwita kigeugeu, na kijana wake aombapo kitambulisho huulizwa maswali ambayo kijana wa Nyeri au Masaka hayasikii.

Angalieni sasa kosa la mchoraji wetu. Ameuondoa mpaka Busia, mji umekuwa mmoja, ulio ndani kabisa ya nchi. Mama havuki chochote. Ule uso wa pili unatoka wapi? Kakungulu tungempeleka katika historia yoyote, naye angeendelea kubadili bwana, kwa sababu mageuzi yalitoka moyoni mwake. Mama akihamishiwa historia nyingine, tuhuma yote inayeyuka, kwa sababu ilitoka katika ramani. Anayestahili kutuhumiwa sasa ni mchuuzi wa Naivasha, ambaye leo hakuna amshukuye!

Kwa hiyo nasema neno kigeugeu halimfai. Kigeugeu huacha mmoja akamfuata mwingine. Mama huyu hajamwacha mtu. Sheria zenyewe zimelitambua hili kuliko sisi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Uganda pia inauruhusu. Katiba ya Uganda huwahesabu kuwa raia wa kuzaliwa wale waliozaliwa nchini ambao mzazi au babu yao ni wa jamii zilizoishi ndani ya mipaka yake tarehe 1 Februari 1926, na Wasamia wamo katika orodha hiyo. Mwaka 2018 marais wawili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja tu.

Daftari nimelirudisha. Mtambo wa mvuke nimeupa alama zote. Kwenye picha ya mama nimeandika kwa kalamu nyekundu: mwondolee uso mmoja, au nieleze ni nani aliyemwongezea.